Taa ya Msomaji Haina Hatia

Kijana msomaji, yamkini nawe umepata kuamriwa kuzima taa. Kitabu ki wazi mbele yako, hesabu haijesha, mara sauti yatoka nje ya mlango: "Zima! Unatumalizia stima." Ukazima, ukalala, na asubuhi ukaenda shuleni na kazi nusu. Nasema ulidhulumiwa, na dhuluma hiyo yaweza kuthibitishwa kwa hesabu ya shule ya msingi.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipanga chumba mjini Nakuru, katika ploti ya vyumba sita vyenye mita moja. Kila mwezi tulichanga fedha sawasawa tukanunua tokeni, na kila mwezi tokeni zilikwisha kabla ya siku zake. Hapo mashtaka yalianza. Mshtakiwa alikuwa yule yule sikuzote: binti wa kidato cha pili aliyesoma hadi saa tano usiku. Mama yake, muuza mboga, hakuwa na kinywa cha kumtetea. Chumba cha pili kutoka kwao maharagwe yalikuwa yakitokota juu ya koili tangu saa nane mchana, wala hapakuwa na aliyeyashtaki, maana koili haimuliki dirishani.

Twauhukumu umeme kwa macho, na jicho huona mwanga lisione joto, ilhali joto ndilo mlaji. Kikulacho ki nguoni mwako. Yuniti moja ni wati 1,000 zitumikazo kwa saa moja. Zidisha wati zilizoandikwa juu ya chombo kwa saa unazokitumia, kisha gawanya kwa 1,000. Hakuna siri nyingine. Koili ya wati 1,000 ikiwaka saa tatu imekula yuniti 3. Taa ya LED ya wati 9, ikiwaka saa tano kila usiku, yahitaji zaidi ya miezi miwili kuzila yuniti hizo. Bomba la kuogea la wati 5,000 humaliza yuniti nzima kwa dakika 12, na wapo waimbao humo nusu saa!

Wako watakaosema kwamba kuchanga sawasawa ndiko ujirani mwema. Sikubali. Katika ploti ya vyumba sita, mwenye kupoteza yuniti 6 hulipa moja tu, tano akawatwisha jirani zake. Mwenye kujinyima yuniti 6 hupata faida ya moja. Nani basi atajinyima? Huo si ujirani, ni kumfundisha kila mtu ubadhirifu kwa gharama ya mwenzake, na aumiaye zaidi ni yule mwenye taa moja na simu moja.

Kuna na hasara nyingine isiyoonekana. Katika utaratibu wa bei ulioanza Kenya mwaka 2023, nyumba isiyozidi yuniti 30 kwa mwezi hulipa bei nafuu kwa kila yuniti. Vyumba sita vyenye kutumia yuniti 15 kila kimoja vingeistahili nafuu hiyo vyote. Vikiunganishwa katika mita moja ni yuniti 90, na muuza mboga hulipa bei ya mwenye nacho. Mwenye nyumba hujibu kwamba kutenga mita ni ghali. Ni ghali kwa nani?

Sisi tulitundika daftari ukutani: awashaye koili aandike saa, alipe saa zake. Jirani yetu alinuna wiki mbili, kisha akaanza kuroweka maharagwe usiku kucha kabla ya kuyapika.

Nawe jioni ya leo omba ruhusa, zima vyombo vyote, kisha washa kimoja kimoja, ukitazama kitaa cha mita kinavyopepesa: polepole kwa taa, mbio kwa pasi. Andika hesabu yako katika karatasi, uipeleke mbele ya wakubwa wa ploti kwa adabu, na uwaombe waisome kabla hawajakuamuru tena kuzima taa.