Tusikate Waya kwa Kutazama Angani

Tangu Mei 2025, Serikali ilipoipa Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ruhusa ya kufanya kazi nchini Kongo, habari ya mjini Likasi na hata huku Kapolowe ni setilaiti tu. Machi 2024 ARPTC, mamlaka ya kusimamia mawasiliano, ilikuwa imeipiga marufuku. Leo ni halali, na vijana wanatuambia kwamba nyaya za kioo zilizofukiwa ardhini zimepitwa na wakati. Usiache mbachao kwa msala upitao!

Sikatai kwamba setilaiti ni neema. Mvuvi wa ng'ambo ya ziwa Tshangalele hatachimbiwa mtaro leo wala kesho. Tena setilaiti za zamani hukaa kilomita karibu 36,000 juu, ukisema "alo" unangoja jibu. Hizi mpya ziko kilomita kama 550 tu. Lakini uwezo wa setilaiti hugawanywa kwa wote walio chini yake, kama sahani moja ya bukari: wakila wawili wanashiba, wakila ishirini wanainuka na njaa. Uzi wa kioo ukishafukiwa, ukitaka nguvu zaidi unabadilisha mashine za huku na kule, uzi wenyewe unabaki palepale. Na dishi la setilaiti la paani ni la mwenye nacho. Mama muuza samaki anayenunua mega za siku moja hutegemea mnara, na mnara usiolishwa na mkongo mnono huchoka watu wakizidi.

Ajali zipo, najua. Agosti 2023 maporomoko ya chini ya bahari, katika korongo la mto Kongo, yaliukata mkongo wa WACS, ule unaotua Muanda. Hiyo ni kazi ya maumbile. Nani amlaumu Mungu?

Kinachonichoma ni mkono wa binadamu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu anachimba usiku akitafuta shaba, anakuta kioo, anakitupa, na asubuhi mji hauna rezo. Ewe mwana wa Katanga, uliyezaliwa juu ya shaba, hujui kutofautisha shaba na kioo? Ninyi ambao babu zenu waliichenjua kabla Mzungu hajafika! Hata nguzo za laini ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika 1982, zimeng'olewa vyuma vyake, kisha tunalia giza. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wala msiniambie njaa: Amri ya "Usiibe" tulifundishwa wote misheni, wenye njaa na walioshiba.

   

Watu wa Kapolowe ni watu wa kazi na wa sala, nawajua. Basi, anayenunua vyuma chakavu Kapolowe-Gare aulize waya umetoka wapi kabla ya kuuweka kwenye mizani, na akijibiwa kwa kigugumizi, amwite chifu.