Mla Korosho Ana Kura, Mlima Korosho Je?

Mwaka 2025 vijiwe vya Mtwara vilimjadili Donald Trump kuliko mwanasiasa yeyote wa hapa nyumbani. Kwenye kahawa za Magomeni, kwenye foleni ya kivuko cha Msangamkuu, kwenye mabaraza ya Ufukoni na Mikindani, watu walizitaja asilimia za ushuru wake bila kusita: 46 kwa Vietnam, 26 kwa India, 10 kwa Tanzania. Si jambo la kubezwa. Korosho yetu ghafi hupakiwa melini hapa hapa, huenda kubanguliwa Vietnam na India, na Marekani ni mnunuzi mkubwa wa korosho inayobanguliwa Vietnam. Mzee wa Newala anayefuatilia matamko ya Washington anafuatilia bei ya gunia lake.

Kinachoniudhi ni mahali mjadala ule ulipoishia. Aprili tulimlaani Trump kwa kuweka ushuru. Novemba tulishangilia alipouondoa kwenye korosho. Baada ya hapo kila mtu alirudi kwenye shughuli zake kana kwamba mambo yamekwisha. Swali ambalo lingemfaa mkulima wa Tandahimba halikuulizwa: kwa nini uamuzi mbaya kuhusu korosho ulidumu miezi michache Marekani, na hapa kwetu uamuzi mbaya kuhusu korosho hiyo hiyo ulidumu miaka? Jibu langu nalitoa mapema. Kule, aliyeumizwa na bei ana njia ya kumfikia aliyeamua. Huku, hana.

Tuanze na kule. Tarehe 2 Aprili 2025 Trump alitangaza ushuru kwa karibu dunia nzima. Wiki moja baadaye alisitisha viwango vikubwa kwa siku 90, kikabaki kiwango cha asilimia 10. Julai akatangaza makubaliano na Vietnam ya asilimia 20, yakaanza kutozwa Agosti. India ikapandishiwa hadi asilimia 50 mwishoni mwa mwezi huo kwa kosa la kununua mafuta ya Urusi. Hoja yake kubwa ilikuwa kulinda viwanda na wazalishaji wa Marekani. Kwa chuma na magari, hoja hiyo inaweza kubishaniwa. Kwa korosho haina pa kusimama, maana Marekani haina wakulima wa korosho wa kulindwa. Ushuru ule ulikuwa kodi kwa mlaji wa huko, na sababu mpya ya mnunuzi kumpunja mkulima wa huku.

Wamarekani hawakukaa kimya. Wafanyabiashara wadogo, mmoja wao mwagizaji wa mvinyo wa New York, walikwenda mahakamani. Tarehe 28 Mei 2025 Mahakama ya Biashara ya Kimataifa, iliyoko jijini humo, iliamua kwamba Rais amevuka mamlaka yake, na tarehe 29 Agosti mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo. Tarehe 4 Novemba wapiga kura wa Virginia na New Jersey wakawachagua magavana wa chama cha Democratic, na New York ikamchagua Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, kuwa meya. Katika chaguzi zote tatu gharama za maisha ndizo zilizotawala kampeni. Siku kumi baadaye, tarehe 14 Novemba, Trump alisaini agizo la kuviondolea ushuru ule vyakula kadhaa: kahawa, chai, ndizi, nyama ya ng'ombe, na korosho ikiwamo.

Hakuna aliyekaa Ikulu ya Marekani siku ile akamfikiria mkulima wa Nanyumbu. Korosho iliokolewa kwa sababu mtu wa Virginia alilalamikia bei ya vitu dukani, na malalamiko yake yakahesabiwa kwenye sanduku la kura. Sisi tulipata nafuu kupitia mgongo wa mlaji mwenye kura.

Sasa tuje nyumbani. Korosho ghafi inayotoka nchini ina ushuru wake, nao ni wetu wenyewe. Kiwango kilichowekwa ni asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinachotozwa. Tani ikiuzwa dola 1,500, ushuru ni dola 225. Kwa kilo, hiyo ni zaidi ya shilingi 500. Anayeulipa kwenye makaratasi ni msafirishaji. Lakini msafirishaji anapoingia mnadani anajua bei ya soko la dunia, anaondoa ushuru, anaondoa usafiri na gharama zake, ndipo anaandika bei ya kumpa mkulima. Shilingi 500 hizo zimekwishatoka kwenye gunia la mkulima kabla mnada haujafunguliwa.

Mkulima aliivumilia kodi hiyo kwa sababu kulikuwa na mapatano. Sheria ilitaka asilimia 65 ya ushuru iende kwenye mfuko wa kuendeleza zao la korosho na asilimia 35 iende Hazina. Mfuko ulikuwa wa pembejeo, utafiti na ubanguaji. Mkorosho usiponyunyiziwa salfa kwa wakati, ubwiri unga hula maua na mavuno yakapotea. Mfuko ulipofanya kazi, salfa ilifika. Msimu wa 2017/18 ulitoa zaidi ya tani 300,000, kiasi ambacho kilikuwa hakijawahi kufikiwa kabla ya hapo.

Juni 2018, katika bajeti, Serikali ilipeleka bungeni mabadiliko ya sheria ya kuupeleka ushuru wote Hazina. Wakati huo mfuko ulikuwa unadai zaidi ya shilingi bilioni 200. Wabunge wa kusini, wa CCM na wa CUF, walisimama wakapinga kwa ukali ambao Bunge lile halikuuzoea. Wakashindwa. Novemba mwaka huo huo Rais John Magufuli alikataa bei za wanunuzi, akaagiza Serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lisimamie usombaji. Bei ilikuwa nzuri kuitamka. Malipo yalichelewa, wakulima wakaingizwa kwenye uhakiki kwa kushukiwa kuwa ni walanguzi wa kangomba, yaani wanunuzi wa nje ya mfumo rasmi, na wanunuzi wa mnadani wakakimbia. Mavuno yalianza kuporomoka. Msimu wa 2022/23 haukufika hata tani 200,000.

Zipo hoja za upande wa pili, nami nazitaja kwa haki yake. Wanaotetea uamuzi wa 2018 husema fedha za umma ni za taifa zima, na mkoa mmoja hauwezi kuwa na kasha lake. Ni kweli kwa kodi ya kawaida. Ushuru huu haukuwa kodi ya kawaida, kwa sababu uliwekwa juu ya zao moja kwa ahadi ya kulirudia zao hilo. Husema pia kwamba ushuru unachochea ubanguaji wa ndani. Viwanda vikubwa 12 vya zamani vya kubangua vilibinafsishwa, vingi vikageuka maghala, na hadi leo sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka na maganda yake. Trump alipoitoza Vietnam asilimia 20 na sisi 10, mbanguaji wa Mtwara alipewa nafasi ambayo hakuna waziri wa biashara angeweza kumpatia. Nafasi hiyo ilipita. Na wapo wanaokumbusha kwamba Serikali imebadilika, inagawa salfa na viuatilifu kwa ruzuku, na msimu wa 2024/25 ulivuka tani 500,000 huku minada ya mwanzo ikivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Naikubali hesabu hiyo, na naitumia kama ushahidi wangu: pembejeo ziliporudi, mikorosho ilizaa. Basi miaka ile ya kuporomoka ilikuwa hasara ya kujitakia.

Hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili. Hasara ya kujitakia hutokea kila nchi. Trump alijitakia yake. Tofauti ni muda ambao kosa huruhusiwa kuishi, na muda huo hupimwa kwa nguvu aliyonayo anayelibeba. Kosa la ushuru wa korosho Marekani lilizungukwa na watu wenye meno: mwagizaji mwenye wakili, jaji asiyeogopa kumwambia Rais kwamba amevuka mpaka, gavana anayeshinda kwa kuzungumzia bei ya chakula, na wabunge wa chama cha Rais wanaohesabu kura zao za mwaka unaofuata. Si lazima hata mmoja wao awe mwema. Inatosha kila mmoja aogope kupoteza kitu.

Kosa letu la 2018 lilizungukwa na nani? Mkulima aliyekuwa na hasara alikuwa na chama chake cha msingi, AMCOS, ambacho kina uwezo wa kupokea mzigo na kupanga foleni ya malipo lakini hakina sauti juu ya Muswada wa Fedha. Alikuwa na mbunge. Watu wa kusini hawakuwa wamelala kuhusu wabunge. Januari na Mei 2013 waliandamana wakitaka gesi ya hapa iwanufaishe kwanza, wakajibiwa kwa askari, na bomba likaenda Dar es Salaam. Mwaka 2015 wakaamua kusema kwa karatasi ya kura: Mtwara Mjini na Tandahimba wakapeleka bungeni wabunge wa CUF. Hao ndio waliokuwa miongoni mwa waliosimama Juni 2018. Yaani kura ilifanya kazi yake, mbunge akafanya kazi yake, na bado mstari mmoja wa sheria ya fedha ukaifuta kazi yote. Mwaka 2020 upinzani ukabaki na viti vya majimbo vya kuhesabika kwa vidole katika Bunge zima, na mlango huo nao ukakaribia kufungwa.

Mbunge wa chama tawala anajua jina lake linakatwa au kurudishwa kwenye vikao vya Dodoma. Anayeweza kumkatia jina ndiye anayemwogopa, na mkulima wa korosho hamo kwenye vikao hivyo. Tunamtaka mtu huyo asimame bungeni kupinga bajeti ya waliompitisha, kisha tunashangaa anapokaa kimya. Ninakataa kushangaa. Tumempa kila sababu ya kunyamaza, na sababu ya kusema hatujampa hata moja.

Angalieni kalenda. Tarehe 29 Oktoba 2025, msimu wa korosho ukiwa unafunguliwa, Tanzania ilipiga kura. CHADEMA ilikuwa imezuiwa kushiriki tangu Aprili, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na mgombea urais wa ACT-Wazalendo alikuwa ameenguliwa. Intaneti ilizimwa, watu waliuawa, na mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Siku sita baada ya kura hiyo, Virginia nayo ikapiga kura. Chaguzi mbili katika juma moja. Mmoja ulimlazimisha mtu mwenye madaraka makubwa kuliko wote duniani kurudi nyuma kwenye bei ya kahawa na korosho. Mwingine haukumpa mkulima wa korosho hata nafasi ya kuuliza ushuru wake umekwenda wapi. Halafu tunaambiwa siasa za Marekani ni mambo ya wenyewe, sisi tuzungumze maendeleo! Maendeleo gani yanazungumzwa na mtu asiyeweza kumwajibisha aliyechukua shilingi 500 kwenye kilo yake?

Siisifu Marekani. Fedha zinanunua masikio mengi kule, na ushuru uliofutwa kwa saini moja ungeweza kurudishwa kwa saini nyingine. Ninachokitaka ni kile kidogo walichonacho hata katika ubovu wao: aliyeumizwa ana pa kwenda, na akienda, mtu fulani anaingiwa hofu. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Kwenye korosho, wa mbali walilia kwa ajili ya vikapu vyao, na sisi wafiwa tukabaki kusimulia kilio chao.

Mambo ya kudai yanajulikana, na hakuna linalohitaji ruhusa ya Washington. La kwanza, sehemu ya ushuru inayorudi kwenye zao iandikwe ndani ya sheria ya korosho yenyewe, na isiguswe bila wakulima kusikilizwa hadharani katika wilaya wanakolima. Ruzuku inayotegemea hisani ya waziri aliyepo huondoka naye. La pili, kabla ya mnada wa kwanza wa kila msimu, Serikali itangaze ushuru wa msimu uliopita ulikuwa kiasi gani na ulitumika wapi, wilaya kwa wilaya, na taarifa hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa kila AMCOS kama zinavyosomwa bei za mnada. La tatu ndilo linaloyabeba mengine. Uchaguzi uwe wa kweli, wenye wagombea ambao mpiga kura anaweza kuwachagua na tume isiyomwondoa mtu kabla mwananchi hajamwondoa.

Bila hilo la tatu, mawili ya kwanza yatabaki maombi, na waombaji tumekuwa kwa muda mrefu. Trump si wetu wa kumchagua, na kumlaani hakutatuongezea hata shilingi mnadani. Wabunge wa Masasi, Newala, Tandahimba, Nanyumbu na Mtwara ni wetu. Siku kila mmoja wao atakapojua kwamba ushuru wa korosho unaweza kumgharimu kiti, hatutahitaji kuvisumbua vijiwe vyetu kwa habari za Virginia.