Padri wa Wachache Si Padri wa Bandia



Katika jumuiya moja hapa Kerende nilimsikia kiongozi wetu akimwita padri wa Kiorthodoksi "padri wa bandia, mwenye mke". Watu walicheka. Leo natamka waziwazi: kicheko kile kilikuwa dhambi dhidi ya haki.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, ulikiri kwamba Makanisa ya Mashariki yana sakramenti za kweli, hasa upadre na Ekaristi, kwa urithi wa Mitume. Tarehe 7 Desemba 1965 Papa Paulo VI na Patriarka Athenagora waliziondoa katika kumbukumbu ya Kanisa laana za mwaka 1054. Na kuhusu mke, hata Wakatoliki wa mapokeo ya Mashariki wanao mapadre waliooa. Basi anayemwita padri yule bandia anabishana na Kanisa lake mwenyewe.

Tutazame kwa majirani zetu wa Kenya. Arthur Gathuna alipewa upadre mwaka 1937 na Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, akawahudumia Wakikuyu waliojitenga na misheni. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, makanisa na shule zao zilifungwa, naye padri akawekwa kizuizini kwa miaka. Waamini wakabaki bila altare. Makanisa ya misheni, letu likiwamo, yaliendelea kupiga kengele.

Mtaniuliza: je, mgogoro wa mwaka 1929 uliowatenga watu wale haukuhusu tohara ya wasichana? Ndiyo, ulihusu. Sisi wa Tarime na Serengeti, tunaoyajua machozi ya ukeketaji, hatuwezi kuusifu msimamo ule. Wala simfanyi Gathuna malaika: aliwekwa askofu mwaka 1973, kisha akafarakana na wakuu wake hata akavuliwa daraja. Lakini kosa la mtu hujibiwa kwa hoja. Halimpi mwenye nguvu ruhusa ya kufunga nyumba ya sala ya mnyonge.

Haki haipimwi kwa wingi wa vichwa. Sisi tulio wengi mahali pamoja tu wachache mahali pengine. Tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Zanzibar, ambako Wakatoliki ni wachache. Tulilia, na tulikuwa na haki ya kulia. Je, tutadai heshima kule na kuinyima huku?

Kwa hiyo nawaagiza viongozi wa jumuiya ndogondogo mambo matatu. Kwanza, lugha ya dharau ikome katika mikutano yetu. Pili, Mkatoliki aliyeketi katika halmashauri ya kijiji asitumie kiti chake kuwanyima wachache kiwanja cha ibada au mahali pa kuzika. Katiba yetu, ibara ya 19, inawalinda sawasawa na sisi. Tatu, padri wao akifika msibani, apewe kiti pamoja na wazee, naye asali bila kuzomewa.

Asiyeweza kutimiza hayo asijiite mjumbe wa Haki na Amani.