Mtu ni watu
Wazulu husema umuntu ngumuntu ngabantu. Waswahili tunasema kwa ufupi: mtu ni watu. Hapa Eldoret, jiji tangu Agosti 2024, tunaitamka kwenye harambee, tukishapata michango tunaisahau. Lakini pandeni njia ya Kaptagat alfajiri muwaone wanariadha wakikimbia kwa kundi, wa mbele akikata upepo, wa nyuma akivutwa na mwendo wa mwenzake. Huko kwenye kambi ya mazoezi, Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni ya Olimpiki mara mbili, amesafisha choo kwa zamu kama chipukizi yeyote. Na alipokimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, akamaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, wakimbiaji 41 walipokezana kumwekea mwendo. Hapo ndipo methali inapofanya kazi. Kinachoniuma ni kijana mkimbiaji anayejitenga, akapanga chumba mjini peke yake, akamsikiliza mtu wa sindano za dawa za kuongeza nguvu kwa kuwa hana mwenzake wa kumuuliza. Marufuku ya miaka ya kutoshindana ikija, inamkuta peke yake vilevile. Kijana wangu, kabla hujameza wala kudungwa chochote, muulize kocha, waulize wenzako.