Usiisugue! Fungua Droo Kwanza

MEZA YA WAWILI, na Mhariri

Mada yetu ya leo inahusu hobi ya mwenza wako, hasa ile inayokula hela.

Imechokozwa na ujumbe wa msomaji mmoja wa Dar es Salaam, mhasibu, mwenye miaka mitatu kwenye ndoa. Kaniruhusu niutumie, jina tumeliacha pembeni. Anasema hivi:

"Dada Mhariri, mume wangu ni mtu wa maabara hospitalini. Anashinda kwenye hadubini kutwa nzima akitafuta malaria za watu. Juzi kaletewa mzigo kutoka Uingereza. Kufungua, hadubini nyingine! Ya zamani, ya shaba, imepoteza rangi, ipo kwenye sanduku la mbao linalonuka. Kainunua kwenye mnada wa mtandaoni kwa hela ya mifuko 40 ya saruji, na msingi wetu upo pale umeota majani. Nimeamua Jumamosi naisugua kwa ndimu na majivu mpaka ing'ae, naiuza. Vile vidubwasha vya kwenye droo nitampa mtoto wa dada achezee. Nimekosea?"

Dada yangu, nikujibu la kwanza haraka, maana halina utata. Mumeo kakosea. Hela ya tofali ni ya wawili, na kitu cha bei ya mifuko 40 ya saruji hakinunuliwi kimya kimya halafu mke akaja kukutana na boksi mlangoni. Hasira yako ni halali kabisa.

Lakini hilo la Jumamosi, nakuomba, subiri. Weka ndimu chini. Nilikupigia simu siku ile ile kwa sababu ungeisugua, ungekuwa umeitupa hela yenu mara ya pili.

NI KITU GANI HASA HIKI?

Picha ulizonitumia zinaonyesha jina lililochongwa kwenye shaba: R. & J. Beck, London. Tuanzie hapo.

Hadubini ya aina hii ina lenzi juu, pale unapoweka jicho, na lenzi nyingine chini karibu na kinachotazamwa. Ya chini inakuza, ya juu inakuza kile kilichokwisha kukuzwa. Ikiwa ya chini inakuza mara 40 na ya juu mara 10, wewe unaona mara 400. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitumia chombo cha namna hii kuchora kiroboto kikubwa kuliko paka, akakitoa kwenye kitabu chake *Micrographia*, na watu wa London wakabaki midomo wazi.

Tatizo ni kwamba kwa zaidi ya miaka 150 baada ya hapo, picha ilizungukwa na rangi rangi kama za upinde wa mvua na haikutulia. Aliyesaidia sana kulitatua ni Joseph Jackson Lister. Kazi yake? Kuuza mvinyo. Mambo ya lenzi yalikuwa ya baada ya kazi, hobi tu! Mwaka 1830 alichapisha maelezo ya namna ya kupanga lenzi kwa umbali maalumu ili kasoro za moja zifutwe na nyingine. Kuanzia hapo hadubini ikawa chombo cha kuaminika. Mwanawe, Joseph Lister, ndiye yule daktari wa upasuaji ambaye mwaka 1867 aliwafundisha wenzake kuua vijidudu vya vidonda kwa kaboliki.

Na Richard Beck na Joseph Beck, wenye jina kwenye shaba ya mumeo, walikuwa wapwa wa huyo muuza mvinyo. Hicho kidude hapo mezani kwenu, shosti, kimetoka kwenye ukoo huo.

Halafu kuna sisi. Tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amemwona mdudu wa kifua kikuu, kwa msaada wa lenzi za Zeiss wa mji wa Jena. Ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani ni 24 Machi. Mwaka 1897 na 1898 Koch huyo huyo alikuwa hapa hapa Dar es Salaam akichunguza malaria, enzi ambazo hadubini zilikuwa za shaba kama hiyo. Kazi anayofanya mumeo kila siku, kutafuta vimelea kwenye tone la damu, haijabadilika sana tangu wakati ule. Huenda kwake hicho si pambo, ni kama picha ya babu wa ofisi.

VIDUBWASHA VYA KWENYE DROO

Sasa tuje kwa mtoto wa dada. Wanaokusanya vitu hivi watakwambia kwamba nusu ya utamu upo kwenye sanduku. Hadubini peke yake ni jambo moja. Yenye sanduku lake, ufunguo wake na vifaa vyake vyote ni jambo jingine kabisa, hata kwa bei. Ukivigawa, huwezi kuvipata tena kirahisi, kwa sababu vingi vilitengenezwa kuendana na chombo kile kile.

Nilimwomba mumeo anitajie vilivyomo. Sauti ilibadilika, jamani! Kavitaja mmoja mmoja:

Vikopo viwili vya shaba vyenye vifuniko. Ndani yake mna lenzi za chini, kila moja na kikopo chake. Na hapa kuna kitu kilichoniacha hoi. Mwaka 1858 chama cha wanahadubini cha London kilikubaliana juu ya kipimo kimoja cha nyuzi za kufungia lenzi. Kipimo hicho kilienea duniani, na bado kipo kwenye hadubini nyingi. Mumeo anasema lenzi moja ya kwenye droo aliifunga kwenye hadubini ya kawaida ya shule, ikaingia bila kulazimishwa.

Lenzi nene kwenye mguu wake, imevimba upande mmoja. Hiyo ni ya kukusanya mwanga wa taa na kuumwaga juu ya kitu kisichopitisha mwanga, mfano bawa la mende.

Kibano kidogo chenye ncha kali, cha kumshikia mdudu chini ya lenzi.

Kijisanduku cha shaba na kioo, cha kumbana mdudu hai bila kumponda.

Kioo kidogo cha kuchorea. Kinapachikwa kwenye lenzi ya jicho, na mtu anaona picha ya mdudu kama imelala juu ya karatasi yake. Anaifuata tu kwa penseli. Kabla ya kamera kuzoeleka, wengi walichora hivyo.

Hivyo ndivyo ulivyotaka kumpa mtoto achezee.

KWA NINI USISUGUE

Ile rangi ya kahawia iliyofifia siyo uchafu wote. Mafundi wa karne ya 19 waliipaka shaba vanishi ya rangi ya dhahabu, iliyotokana na utomvu wa wadudu fulani wa India, ili isipate kutu. Ukipitisha ndimu, majivu au ile dawa ya kung'arishia vitasa, unaiondoa vanishi. Itang'aa kweli, wiki mbili tatu. Baada ya hapo itakuwa nyeusi kuliko mwanzo, na mnunuzi anayejua akiona imesuguliwa anashusha bei papo hapo.

Spiriti nayo ni mwiko. Inayeyusha vanishi hiyo. Isitoshe, ndani ya lenzi za zamani kuna vioo vilivyogandishwa kwa utomvu wa mti wa Kanada, na spiriti ikipenya inaweza kuviachanisha.

Kinachofaa ni rahisi. Vumbi toa kwa brashi laini kavu. Lenzi ipulize kwa kipampu cha mpira, kisha ifute taratibu kwa kitambaa cha miwani. Mbao zifute kwa kitambaa kikavu.

Adui mkubwa wa watu wa pwani ni unyevu. Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, kote huko fangasi humea juu ya lenzi kama utando wa buibui, na ukikomaa unakula kioo. Msiifungie chombo ndani ya sanduku kwa miezi. Kitoeni kipate hewa, na zile pakiti ndogo zinazokuja na viatu vipya msizitupe, ziwekeni kwenye droo na kuzibadilisha mara kwa mara.

KAMA NA WEWE UMETAMANI

Najua kuna msomaji ameshaanza kutafuta kwenye simu. Taratibu! Mambo matatu.

Kwanza, nakala. Kuna hadubini mpya za shaba zinazotengenezwa kama mapambo, nyingi India, zikachongwa majina ya London na miaka ya zamani. Angalia skrubu. Ukiona za kufunguliwa na bisibisi ya nyota, jua ni kazi ya baada ya miaka ya 1930, au angalau imeshachezewa. Muulize muuzaji kama picha inaonekana vizuri ukichungulia. Pambo mara nyingi halionyeshi kitu.

Pili, pembe za ndovu. Hadubini za karne ya 18 na mwanzo wa 19 nyingi huja na vijiti vyeupe vilivyotobolewa matundu, kila tundu limeshika bawa au unywele. Vijiti hivyo mara nyingi ni pembe. Pembe nyingi zilizokwenda Ulaya karne ya 19 zilipita Bagamoyo na Zanzibar, lakini leo hazirudi kwa mlango ule. Biashara yake kati ya nchi na nchi inabanwa na mkataba wa CITES, Uingereza ina sheria yake ya 2018 iliyoanza kutumika 2022, na hapa Tanzania kukutwa na pembe bila kibali ni kesi ya uhujumu uchumi. Usiende jela kwa ajili ya zawadi ya ndoa.

Tatu, mwambie mwenzio kabla, siyo baada. Hili halina mjadala.

WAWILI WALIAFIKIANA NINI?

Hadubini imebaki, kwa masharti ya mke. Mume anarudisha hela ya saruji kutoka kwenye posho zake za zamu za usiku, kidogo kidogo, kwenye akaunti ya ujenzi. Nilipowauliza wiki iliyopita, alikuwa bado anadaiwa mifuko 26. Kwa upande wa mke, kabla hajasema neno lolote juu ya kuuza, alitakiwa amruhusu mumewe amwonyeshe kila kitu kilichomo kwenye droo. Walianza na ngozi nyembamba ya kitunguu. Mke anasema aliona vyumba vyumba kama ramani ya nyumba, akamwambia, "Sawa, lakini vyetu vijengwe kwanza."

Sisemi kila mume mwenye hobi ni Lister. Wapo wanaojificha nyuma ya hobi wasilee, na wapo wake wanaokula ada ya watoto kwa vitenge. Ninachosema ni kwamba kuna hasira ya hela na kuna dharau kwa kile mwenzio anachokipenda, na hivyo ni vitu viwili. Ya hela ina dawa: kalamu, daftari, tarehe ya kulipa. Dharau ni kama ndimu kwenye vanishi. Ukishaipitisha, inachukua muda mrefu sana kurudisha kilichokuwepo.

Kwa hiyo mwezi huu kazi yako ni moja, mpenzi msomaji. Chagua kitu cha mwenzio ambacho siku zote unakiita takataka, iwe gitaa, mashine ya cherehani au redio mbovu. Keti naye nusu saa, akuambie kila kipande kinafanya nini. Kuuza mnaweza kuzungumza baadaye.

Mwezi ujao tutaongelea wakwe wanaokuja kwa wiki moja na kukaa miezi mitatu. Tuma maoni yako, kama kawa. Nawatakia mapenzi mema!