Giabox Kwanza, Mtungi Baadaye

Mwenye Impreza ya turbo hapa Kitengela akishika pesa kidogo huwaza mtungi wa naitrasi. Tunamwambia alale chini ya gari kwanza.

Gesi hii hubeba oksijeni yake yenyewe, na vali ikifunguka nguvu huingia kwa mkupuo. Kinachovunja vyuma ni msokoto. Nguvu ya farasi 100 ikifunguliwa injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika huongeza msokoto wa Nm 142 hivi. Ifungulie kwenye 2,500, inaongeza 285. Kisha gia ya kwanza na difu huuzidisha zaidi ya mara 12 kabla haujafika kwenye hafu shafti.

Na wanaoteremka Magadi wajue hili: Kitengela ni mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, Magadi ni kama 600. Huko chini hewa ni nzito, injini inavuta zaidi, na gesi inapanda juu ya nguvu iliyokwisha kupanda. Giabox iliyovumilia huku inaweza kung'oka meno kule.

Flaiwili iwe ya chuma kilichofuliwa. Ya chuma cha kusubu ikipasuka, vipande hutoboa sakafu penye miguu ya dereva. Hapo hatuoni cha kujadili. Giabox ya gia tano ya Impreza inajulikana kwa udhaifu wa meno. Ya gia sita ya STI ni imara zaidi, ila uwiano wa difu ya nyuma lazima uendane nayo, la sivyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana na difu ya katikati ndiyo itakayoungua. Ukinunua ya mtumba Kirinyaga Road, mwombe muuzaji amwage oili, upitishe sumaku. Unga mwembamba ni uchakavu wa kawaida. Ukiona vipande, ondoka.

Majaribio yasifanywe barabara ya Magadi wala ya Namanga. Kuna malori, kuna ng'ombe wanaovuka, kuna watoto wa shule.

Mafundi wetu nao wakatae kufunga mtungi kwenye gari lenye klachi ya kiwandani, hata mteja akiwa na pesa mkononi. Na wakifunga, waweke swichi inayozuia gesi kufunguka chini ya mizunguko 3,000.