Divisheni haipandwi kwa kodi ya nyumba!

Leo naongea na masela wangu, ila na nyie akina dada tegeni sikio, hasa mnaojiuliza jamaa anabonyeza nini kwenye simu mpaka saa nane za usiku. Msimfikirie vibaya, dada zangu. Wengine hawana nyumba ndogo, wanatafuta Divisheni!

Nazungumzia eFootball, gemu ya soka ya Konami ya Japani ambayo zamani tuliizoea kwa jina la PES. Jina lilibadilishwa mwaka 2021, na toleo la simu la jina jipya likafuata Juni 2022. Ligi yake ina Divisheni 10. Unaanzia chini huko ya 10, unapanda ukiitafuta ya 1.

Sasa hapa mtaani kwetu kuna fundi cherehani mmoja, kijana mtanashati na mkono anao. Alipanda mbio mpaka Divisheni ya 4, akagota. Akanuna wiki nzima. Kisha akaanza kununua sarafu za gemu ili abahatishe wachezaji wapya. Unamtaka Messi, anakutokea beki ambaye hata kwao sijui kama wanamjua! Mwisho wa mwezi mwenye nyumba kabisha hodi, kodi nusu haipo. Divisheni? Ya 4 ileile. Mchumba wake akanifuata: "Shemeji, mwambie achague, mimi au simu."

Jamani, ngazi hizi zina hesabu zake. Profesa wa fizikia Arpad Elo, mzaliwa wa Hungary aliyeishi Marekani, alibuni namna ya kupima uwezo wa wacheza chesi, na shirikisho la dunia la mchezo huo likaikubali mwaka 1970. Ukimpiga aliyekuzidi unazoa pointi nyingi. Ukipigwa na uliyemzidi unapoteza nyingi. Magemu mengi ya kushindana yameazima wazo hilo, yaani kukupa mtu wa saizi yako.

Ndiyo maana ukifika kiwango chako unashinda moja, unafungwa moja. Hujalogwa bwana! Hapo ndipo ulipo. Na huyo nyota uliyemnunua atakutana na nyota wa mwenzio, aliyenunua naye vilevile. Wenzetu wa Ubelgiji waliliona hili mapema. Mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ilisema kulipia masanduku ya gemu bila kujua utapata nini ni kamari, na mwaka 2019 Konami wakaacha kuuza sarafu zao huko.

Mimi sijatoa hata senti na nipo Divisheni ya 2. Siri zangu ni hizi.

Kwanza, mbinu za timu zipo tano. Chagua moja, umtafute kocha anayeiweza, ukae nayo. Leo kumiliki mpira, kesho mipira mirefu, utawachanganya wachezaji na wewe mwenyewe.

Pili, acha kumkimbiza mwenye mpira kwa beki wa kati. Ukimtoa tu, nyuma panabaki uwanja wa ndege. Tumia kiungo kumbana, beki abaki na kazi yake.

Tatu, usicheze mechi ya pointi ndani ya daladala. Mtandao ukikata, kipigo chako hicho.

Nne, na hii ndiyo kubwa: ukifungwa mbili mfululizo, weka simu chini. Mechi ya tatu huchezi wewe, zinacheza hasira. Na hasira ndizo zinazokupeleka kununua sarafu saa saba za usiku.

Fundi nimemkalisha chini, nikampa haya yote. Sarafu kaacha, kodi anailipa kidogo kidogo, na mchumba kaanza kupita tena pale kibandani. Divisheni bado ya 4, lakini mtu anashona.

Kwa hiyo, msela, kabla hujabonyeza "nunua", jiulize mwenye nyumba wako anapokea Divisheni au noti. Kama ni noti, basi cheza kwa akili.

Tukijaaliwa tuonane wiki ijayo. Wasalaam!